Jioni Nilizongoja Korongo Kasikeu

Juzi lori lilimwaga mchanga wa kujengea karibu na duka langu hapa Kabati. Ulikuwa bado mbichi, umetoka mtoni asubuhi ileile, na harufu yake ikaingia dukani kabla dereva hajazima injini. Nilimwacha mteja akingoja sukari yake, nikatoka nje kuinusa. Ukiwa umekulia Kasikeu kama mimi, harufu hiyo haikupiti hivihivi.

Mto wetu ulikuwa wa mchanga. Miezi mingi ungeuvuka na viatu vya kanisani bila kuvilowesha. Maji yalijificha chini, na kila boma lilichimba kisima chake mchangani, likakizungushia matawi ya miiba ili punda na mbuzi wasikifikie. Kisima cha Susu, nyanya yangu aliyenilea, kilikuwa kwenye kona ya mto ambapo ndege walipenda kutua.

Nilienda huko kila jioni baada ya shule. Tetere walitangulia, kisha hondohondo na mdomo wake mkubwa, na mwisho kanga, wakishuka ukingo kwa mstari na kelele nyingi. Wenzangu waliniita Daktari wa Ndege. Walicheka, wakateka maji, wakaenda kwao, nami nikabaki. Sikuwa daktari wa chochote. Nilikuwa namngoja mama.

Mama alikuwa ameenda Saudia kufanya kazi za nyumbani nilipokuwa darasa la kwanza. Siku ya kuondoka aliniambia atarudi na mvua. Hakusema mvua ya mwaka gani, na mimi sikujua kwamba kuna haja ya kuuliza. Kwetu korongo huja pamoja na mvua za mwisho wa mwaka, wakitembea mashambani polepole kama wazee wa kanisa wakikagua viti. Nikapanga mambo kitoto: wakija korongo, mvua i karibu, na mama yuko njiani.

Mwaka ule korongo walikuja, mvua ikanyesha, mama hakuja. Nilijiambia kwamba labda hawakukaa vya kutosha kwa kukosa maji safi. Basi kiangazi kilichofuata niliondoa miiba kisimani ili korongo wa kwanza wakipita juu wayaone maji. Waliokuja ni punda. Walikunywa, wakakanyaga, wakaacha na mengine ambayo sitayataja. Susu alinipa jembe, tukachimba upya jua likituchoma migongo.

“Wee mtoto,” alisema huku akihema, “ndege haileti mvua. Mvua ndio inaleta ndege.”

Sikumwamini. Simu ya Susu ilikuwa ile ndogo ya vibonyezo, na sauti ya mama ilitoka humo ikikatikakatika, ikiuliza kama nimekula. Baadaye simu zikapungua. Kandarasi ya miaka miwili ikawa minne. Nilizoea kulala nikiukumbuka uso wake, mpaka usiku mmoja nikaanza kuutafuta nisiupate vizuri. Niliogopa sana. Sikumwambia mtu.

Nilikuwa darasa la tano, mwezi wa tisa, ardhi imekauka hata nyasi hazina rangi, mwanamke alipokuja kusimama upande wa pili wa kisima. Alikuwa mwembamba, amevaa baibui jeusi na mtandio. Nilimdhania ni wa zile familia za kaskazini mashariki zinazopita na mifugo kwenda sokoni.

“Naomba maji,” alisema kwa Kiswahili.

Susu alikuwa amenifundisha kwamba mwenye kiu haulizwi ametoka wapi wala anaitwa nani mpaka anywe kwanza. Nikasogeza miiba, nikateka kwa kibuyu, nikampa kwa mikono miwili.

“Karibu maji, anti.”

Alikishika kibuyu asinywe. Kisha akanywa polepole sana, amefumba macho.

“Unafanya nini hapa peke yako?”

“Naangalia kama korongo zimekuja. Mamangu atakuja na mvua.”

“Na zimekuja?”

“Bado, anti.”

Akakaa chini mchangani na baibui lake zuri. Nilishangaa, nikarudi kutazama mawingu ambayo hayakuwepo. Muda kidogo Susu akateremka ukingo mbio, viatu mkononi, maana jirani alikuwa amempasha habari.

“Wee! Umepatia mama yako maji na hujamsalimia?”

Nilimpa mkono. Mkono tu, kama anavyosalimiwa mgeni wa mchungaji, na yeye akaupokea kwa heshima ileile.

Kwa miaka mingi aibu ya siku ile niliibeba peke yangu, kisha nikamkasirikia: kwa nini hakusema? Sasa nina mwanangu. Mwezi uliopita nilirudi kutoka safari ya siku tatu, nikasimama mlangoni, naye akaendelea kucheza. Ilikuwa kitambo kidogo tu, lakini nilishindwa kumwita. Nilitaka aniite yeye. Ndipo nilipomwelewa mama. Hakuwa akinijaribu pale kisimani. Alikuwa amesafiri nchi zote zile akisubiri kusikia neno moja kutoka kwangu, na mimi, kwa adabu zangu zote nzuri, nikamwita anti mara mbili.