Setilaiti Hupita Mchana

Kwa miaka miwili nilikuwa msaidizi wa utafiti wa dada mmoja niliyempenda kama ndugu wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma vipimo vya setilaiti, jinsi chombo kilichoko juu huko kinavyopima mwanga unaorudi kutoka ardhini na kutuambia hewa ya jiji imebeba uchafu kiasi gani. Alinifundisha na mipaka yake. "Setilaiti yetu hupita Dar mara moja kwa siku, mchana," alikuwa akisema. "Ya asubuhi haiyaoni. Ndiyo maana lazima tupime na huku chini."

Basi tukaenda Temeke, kwenye mtaa wenye karakana ya kuyeyusha vyuma chakavu, tukafunga kifaa cha kupima hewa chini ya paa la mama mmoja, mwalimu mstaafu. Alituomba jambo moja tu: majibu yakitoka, yeye ayasikie kwanza. Dada akamshika mikono yote miwili. "Mama, sie ni watoto wako. Tutakuletea."

Kila alfajiri tanuru lilipowashwa, mama aliandika saa kwenye daftari, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Nilipolinganisha daftari na kifaa chetu, viliafikiana karibu siku zote: uchafu ulipanda kabla jua halijachomoza, na kufikia adhuhuri ulishatawanyika. Nilimwonyesha dada. Akanikumbatia. "Hii sasa ndiyo kazi, mdogo wangu!"

Siku ya kuwasilisha matokeo mbele ya maofisa na wenye viwanda, niliketi safu ya pili. Dada akaonyesha ramani ya setilaiti, wastani wa mwaka mzima. Temeke yote kijani. Nikangoja michoro yangu ije. Haikuja. Mtu mmoja akauliza kama tulipima na chini pia.

"Tulijaribu," dada akajibu bila kunitazama. "Kifaa kilikuwa na hitilafu."

Nilimfuata hadi kwenye maegesho. "Hitilafu gani, dada?"

"Punguza sauti. Hawa ndio wanaotupa kibali cha kuendelea. Na ile ramani haina uongo hata chembe."

"Haina. Ila wewe unajua ilipigwa saa ngapi."

Akafungua mlango wa gari. "Utakua, utaelewa."

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kufungua kifaa. Mama alikuwa ameshasikia redioni kwamba hewa ya kwao ni safi. Hakunikaribisha kiti.

"Kwa hiyo mie nilikuwa nakohoa ndoto?"

Nilimweleza yote, sikujitetea. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Yeye aliniahidi, na wewe ulikuwa umesimama papo hapo. Nikawahesabu wawili."

Nilichapa michoro yangu nikampelekea, naye akaifikisha serikali ya mtaa. Baada ya vikao vingi karakana iliamriwa irefushe bomba la moshi, ikarefusha. Kwa mama kumepata nafuu. Moshi wenyewe sijui siku hizi unaangukia kwa nani.

Kazi ile niliiacha. Dada alinipigia mara moja, siku ya sikukuu, akaniuliza habari za nyumbani kana kwamba hakuna lililotokea. Nilimwamkia kwa kuwa ni mkubwa wangu, kisha nikanyamaza mpaka akakata simu.