Bonde la Palizi

Kwetu, mtu yeyote akionekana anatoka kwenye lango la kituo cha afya, huyo ni daktari. Hata anayefyeka nyasi pale ameshaitwa daktari, na aliitika. Mimi ni karani wa rekodi. Kituo chetu kiko upande wa Amagoro, na kazi yangu ni kuhesabu waliofika: nani alijifungua, nani alianguka na pikipiki, nani alipimwa malaria akapatikana nayo. Mwisho wa mwezi nikishatuma ripoti, nachukua kalamu ya wino mzito na kuongeza nukta kwenye chati iliyobandikwa ukutani, kisha naiunganisha kwa rula na nukta ya mwezi uliopita.

Naipenda kazi hiyo kuliko ninavyokubali mbele za watu. Mwezi mmoja haukuambii kitu. Lakini ukipata miaka kadhaa iliyopangwa mmoja chini ya mwingine, unaanza kuwajua watu wako kuliko padri anavyowajua. Disemba, wanaotoka Nairobi wakija na haraka zao, mstari wa ajali za bodaboda unapanda. Septemba wodi ya kujifungulia inajaa, na sidhani kuna haja ya kueleza watu walifanya nini Krismasi. Malaria nayo ina mwendo wake. Mvua ndefu inaanza Machi, maji yanatuama, na kufikia Juni foleni inatoka nje ya mlango na watoto wanalazwa wawili wawili kwa kitanda kimoja. Ila kabla ya kupanda huko, kila mwaka, kuanzia Aprili inapoelekea kuisha hadi Mei inapokolea, mstari ulikuwa unashuka. Tulipaita bonde.

Bonde lilipendwa sana. Sista aliyesimamia kituo alikuwa akiwapa wauguzi likizo zao wakati huo, na oda ya dawa za malaria tulikuwa tunaipunguza. Mtu mmoja kwenye mkutano aliwahi kusema kwamba mvua kubwa husomba mayai ya mbu, tukaona ni maneno ya maana. Kitu kikijirudia kila mwaka hukifikirii tena, unakipangia ratiba tu.

Mama yangu aliishi peke yake upande wa Kocholia, na alilima wimbi, ule ulezi wa uji. Wimbi si mahindi. Kuna gugu linalofanana nalo kama pacha, kwa hiyo lazima uiname na kuchagua, jani kwa jani, na mtu mmoja hawezi kumaliza kabla gugu halijashinda. Ndiyo maana akina mama wa kwetu hupalilia kwa zamu. Leo wote wako kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anapika. Sheria yao ni ngumu kuliko ya serikali: usipofika kwa wenzako, zamu yako ikifika utabaki na magugu yako. Asiyekuwepo na lake halipo. Ukiugua unaweza kutuma mtu badala yako, kama unaye. Mama alikuwa na mimi tu, na mimi nilikuwa ofisini.

Nilimpigia simu jioni moja mwanzoni mwa Mei, nikasikia sauti yake imekauka.

“Wewe ni mgonjwa,” nikamwambia.

“Ni mwili tu inachoka. Na kichwa kidogo.”

“Kuja kesho upimwe. Huku saa hii hakuna hata foleni.”

“Kesho tuko kwa jirani, binti yangu. Alhamisi ndiyo wanakuja kwangu. Wakishalima kwangu nitakuja.”

Nilibishana naye. Nilimwambia wimbi halitaenda popote, naye akacheka, akasema kumbe nilikulia mjini. Mwishowe aliahidi kuja Ijumaa, nikaamini, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kuvunja ahadi.

Jumatano alianguka kwenye shamba la jirani. Walimpandisha pikipiki, mwanamke mmoja akakaa nyuma yake akiwa amemkumbatia asidondoke, wakaelekea hospitali ya Kocholia. Barabara ilikuwa matope matupu. Alifia njiani, mgongo wake ukiwa kifuani mwa yule mwenzake, na yule mwenzake hakujua hadi pikipiki iliposimama.

Kwenye mazishi mhubiri alisema mficha maradhi kifo humuumbua, na watu wakaitikia kwa vichwa. Niliona hasira inanipanda hadi masikioni. Mama hakuficha chochote. Alisema kichwa kinauma, alisema siku atakayokuja, na alisema kwa nini si kabla ya hapo. Nilitaka kusimama nimwambie mhubiri yule akae chini. Shangazi yangu alinishika mkono akaubana mpaka wimbo ukaanza.

Kesho yake asubuhi, hata viti vya matanga havijarudishwa, niliwaona wale wanawake wakiingia kwa mama na vijembe vyao. Walinisalimia, wakapita moja kwa moja hadi kwenye wimbi. Mama alikuwa amewalimia wote, zamu yake ilikuwa imefika, na kwao kufa hakukufuta zamu hiyo. Nililia kuliko nilivyolia kaburini. Halafu nikaenda jikoni kuwapikia uji, maana mwenye shamba ndiye anayepika, na mwenye shamba sasa nilikuwa mimi.

Nilipowapelekea uji ndipo nilipoona. Mmoja alikuwa amejifunga leso mbili na jua linawaka, meno yanagongana. Mwingine alipalilia kidogo, akachuchumaa, akapalilia tena. Yule aliyembeba mama alikuwa na macho ya manjano. Nikawauliza wana nini.

“Ni malaria tu, daktari,” alisema wa leso. “Iko na sisi wote. Tukimaliza palizi tutakuja huko kwenu.”

Nilisimama pale na sufuria mkononi. Tukimaliza palizi. Wangemaliza Mei inaisha, na Juni ingefika. Mwaka baada ya mwaka nilikuwa nimechora mstari wa watu waliopata nafasi ya kuugua, nikadhani ni mstari wa ugonjwa. Bonde letu lilikuwa limejaa wanawake walioinama kwenye wimbi na homa mwilini. Mama alikuwa humo. Hata hakuandikwa, kwa sababu hakuwahi kufika mahali pa kuandikiwa.

Niliporudi kazini nilimweleza sista. Aliiangalia chati ukutani, akasema taratibu, “Na sisi wakati huo tulikuwa tunaenda likizo.” Sikumlaumu. Mwaka uliofuata, Aprili ilipokaribia kuisha, hakuna aliyepewa ruhusa, dawa ziliagizwa zote, na tukaanza kutoka pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, tukibeba vipimo na dawa kwenye mkoba, kuwafuata mashambani. Mstari ulipanda pale ulipozoea kushuka. Kutoka ofisi ya afya ya kaunti walinipigia simu kuuliza kuna mlipuko gani. Nikajibu hakuna mlipuko, tumeanza tu kuhesabu.

Shamba la kwanza tulilokwenda lilikuwa la majirani wa mama. Wanawake walikuwa wale wale. Mhudumu alimtoboa kidole yule aliyembeba mama kwenye pikipiki, tukasubiri, na mistari miwili ikatokea kwenye kipimo. Anayo. Nilimpa dawa na maji, nikamwambia ale kitu, ameze, akae kivulini.

“Asante, daktari. Weka hapo. Nitameza nikimaliza kipande changu.”

Nilihisi hasira ile ya mazishini ikirudi. Nilimfokea mbele ya wenzake, mama wa umri wa kunizaa. Nilimuuliza kama anataka naye abebwe kwenye matope. Nilimuuliza ni wimbi gani hilo linalomeza watu. Wenzake waliacha kulima wakanitazama. Yeye alinisubiri nimalize, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, “Nikikaa, kipande changu atakilima nani?”

Nilivua viatu, nikachukua kijembe mkononi mwake, nikaingia kwenye kipande chake nikainama. Mwanzoni niling'oa wimbi nikaacha magugu, na mmoja akapiga kelele kwamba daktari anatumaliza. Baadaye mkono ukakumbuka palizi za utotoni. Nilipogeuka, nilimwona amekaa chini ya kichaka anatafuna kiazi, kikombe cha maji kando yake, na dawa tayari ameshameza.

Nililima na machozi yakidondoka kwenye udongo. Kwenye simu nilimwambia mama aje. Nilimwambia hakuna foleni. Alikuwa akihitaji mtu wa kumshikia kijembe asubuhi moja tu, na mtu huyo alikuwa upande wa pili wa simu.