Salama Tu, Ila

Miaka ile ya thelathini simu ya kwetu ilikuwa moja tu, ukutani mwa stoo ya kampuni ya dhahabu, kando ya barabara ya Ushirombo. Msimamizi wa stoo aliniruhusu kuitumia kila Jumamosi kwa sababu mke wake alipenda unga wangu. Niliuza unga wa muhogo. Wateja wangu walikuwa wachimbaji wa kambi moja upande wa Geita, mwendo wa siku mbili kwa miguu, na aliyewauzia huko ni mdogo wangu wa kiume, tuliyenyonya naye ziwa moja. Wazazi walikwisha kufariki. Nilikuwa na yeye tu.

Simu ile ilinichosha. Unazungusha mpini, unasikia mvumo, kisha sauti ya mtu kama yuko kisimani. Tulipewa muda mfupi, maana makarani nao waliusubiri waya. Sasa mwambie mtu wa huku asisalimie! Karani wa kambini alikuwa Msukuma mwenye adabu zake. "Mwangaluka, mayo." Naitikia salamu hiyo ya Kisukuma, mayo ndiyo mama. Anauliza watoto, anauliza mvua, anauliza ng'ombe, nami sina hata mbuzi. Mdogo wangu akipewa simu naye anaanza, "Shikamoo, dada." Muda wote unaishia kwenye hali.

Tena kulikuwa na ila. Kwetu mtu hakujii na ubaya mkononi. Huanza na salama, ubaya ukafuata nyuma. "Salama tu, dada, ila unga wa safari hii una mchanga." Mdogo wangu hakukosa ila, na mara nyingi waya ulikatika hapohapo, nikarudi nyumbani nikijibunia mwenyewe malalamiko ya wateja. Twiga waliukata kwa shingo, watu wakaukata kwa ajili ya bangili. Sokoni niliwapimia unga wanawake waliovaa mikononi vipande vya mazungumzo yangu.

Ndiyo maana tukaanza mambo ya kamba. Mpagazi aliyerudisha magunia matupu aliniletea kamba ya katani. Kila fundo lilikuwa debe moja waliloagiza wateja, na kitambaa mwishoni maana yake unga haukuwapendeza. Kamba ilichelewa siku mbili lakini haikukatika njiani. Simu niliendelea nayo kwa kuwa nilipenda kusikia sauti yake, basi.

Jumamosi moja alipokea karani. Aliniamkia upesi, hakuuliza ng'ombe.

"Mdogo wangu yuko wapi?" nikasema. "Huko salama?"

"Salama tu, mayo, ila..."

Kimya. Nikazungusha mpini, kimya. Nikacheka, nikamwambia msimamizi wa stoo, "Wamekuta mchanga tena hao."

Nikaenda nyumbani nikauchekecha unga. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu, mpaka mikono ikawa myeupe hadi viwikoni. Nilikuwa nimeudhika naye. Nilisema peke yangu, ukija utanieleza huo mchanga unautoa wapi.

Jumatatu akafika mpagazi. Alinipa kamba kwa mikono miwili. Haikuwa na fundo hata moja, wala kitambaa. Niliipitisha vidoleni kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo. Ndipo akaniambia. Ijumaa mdogo wangu alikuwa amewapelekea wachimbaji unga, ukingo wa shimo ukatitia naye. Walimzika Jumamosi asubuhi. Nilipokuwa nikichekecha, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Watu walilia. Mimi sikulia, wala sikujua nihisi nini. Niliwapikia uji waliokuja kuhani, kwa unga uleule, na kila mmoja aliusifu kuwa ni laini. Nikasema asante.

Sikuigusa simu tena. Biashara niliiendesha kwa kamba na miguu ya wapagazi, na niliwawekea sharti moja: kabla ya salamu, wanipe ila. Mwanzoni walinicheka, kisha wakazoea. Hadi uzee wangu huu, mtu akitoka kambini husimama mbali, kwenye mihogo, akaita, "Hakuna ila, mama!" Hapo ndipo namkaribisha, tukajuliana hali.

Mimi nikiulizwa, najibu salama tu. Naishia hapo.