Yai Ndani ya Asali

Enzi za Mwingereza, nilipokuwa nikisomea ualimu Tabora, nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kiislamu, muuza asali pale mjini. Mimi nilikuwa binti wa Kimoraviani kutoka Usoke, domo kaya, na siku yangu ya kufundisha mbele ya mkufunzi ilikuwa imekaribia. Somo: kazi za utando wa seli.

Utando wenyewe hauonekani kwa macho, ndiyo maana nikatafuta yai. Chini ya ganda lina ngozi nyembamba. Si utando wa seli, ila nayo huchagua cha kupitisha. Nikaliloweka kwenye siki mpaka ganda likaisha, likabaki laini kama shavu la mtoto. Kisha nikaomba kikombe cha asali, nikalitumbukiza.

Asubuhi ya pili mama akachungulia kikombe. Yai limesinyaa, asali imekuwa nyepesi. Akachovya kidole, akaonja.

"Asali yangu umeitia maji."

Katika nyumba ile hapakuwa na kosa kubwa kuliko hilo. Warina asali alishawafukuza na madebe yao kwa sababu hiyo hiyo.

"Shikamoo mama," nikababaika. "Siyo mimi, ni yai."

"Marahaba. Kunja mkeka wako."

Niliogopa, nisiseme uongo. Bila chumba kile ningerudi Usoke kupalilia mahindi, na ualimu basi. Nikamweleza mbio mbio: maji ya yai hupenya ile ngozi yakaifuata asali, lakini ute mzito wa yai haupiti. Akaniambia hata watia maji kwenye asali wana maneno mazuri.

Lakini alikuwa mtu wa haki. Akaloweka yai lake mwenyewe, akalitia kwenye asali yake mwenyewe, akalifungia kabatini, ufunguo akaufunga pindoni mwa kanga. Siku zote hizo mkeka wangu ulisimama mlangoni umekunjwa, nami nikipita nautazama pembeni.

Alipofungua kabati alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mwizi ni yai!" Mimi, kwa kujidai, nikalitia kwenye maji. Kufikia jioni limevimba tena, limejaa tele.

Samahani hakuitamka. Asubuhi ya somo alifungua pindo la kanga, akanipa ufunguo.

"Kachukue asali ya darasa. Ile nzuri, ya nyuma."

Niliporudi na kikombe, mkeka wangu ulikuwa umetandikwa chumbani.