Filamu Iliyopanda Kiboriani

Nisogezee puani mfuko wa kamera wa ngozi, ule wa zamani wenye vifungo vya chuma, nami nitakutajia harufu zake hapo hapo: vumbi la Dodoma, jasho la bega la baba yangu, na viazi vitamu vya kuchemsha. Viazi ni kwa sababu ya shangazi. Alivisokomeza humo tukiwa safarini na baba hakuthubutu kumkatalia dada yake. Juzi mwanangu kaleta mfuko wa namna hiyo kutoka mnadani, eti ni pambo, vitu vya kizamani sasa ndiyo fasheni. Nikaunusa mbele yake. Akaniuliza, "Mama, unanusa nini tena?" Nikamwambia nanusa mlima. Akacheka, akaondoka na simu yake. Haya, mliobaki ni ninyi, basi nitawasimulia ninyi.

Tulikuwa tunakaa Nkuhungu. Baba alikuwa karani wa shirika moja la umma, shirika likafungwa kama mengi yalivyofungwa miaka ile, wakati neno "soko huria" lilikuwa midomoni mwa kila mtu na maduka yameanza kujaa vitu ambavyo zamani tuliviona kwa watu waliotoka nje tu. Sabuni za kunukia, redio za kaseti, suruali za mitumba, filamu za rangi. Wenzake waliopunguzwa kazi walifungua vioski. Baba akanunua kamera iliyotumika, nzito kama jiwe la kusagia, akafundishwa kidogo na rafiki yake mwenye studio, akaanza kujiita mpiga picha. Mama alimtania, "Karani wa nyuso za watu." Baba hakukasirika, alifuta kioo cha kamera kwa shati lake na kutabasamu.

Ninyi wa simu hamtaelewa bila kuelezwa, kwa hiyo nieleze. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na hakuna mwenye akili timamu aliyeitoa kabla haijaisha. Ya rangi ilipelekwa Dar kusafishwa. Kwa hiyo ukipigwa picha leo, ukamfuata mpiga picha wiki ijayo, jibu lilikuwa moja: "Filamu haijaisha." Unarudi nyumbani. Kuna jirani yetu aliyepata picha zake za harusi akiwa na mtoto mgongoni, na hakugomba na mtu, alishukuru na kuzibandika ukutani. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea, kila mtu aliyajua.

Na picha ya mwisho ya mama ilikuwa ndani ya filamu ambayo haijaisha.

Mama aliugua muda mrefu. Asubuhi moja aliinuka kitandani, akajifunga kitenge, akasema, "Baba Seche, nipige picha leo." Seche ni mimi. Jina kamili ni Sechelela, kwa Kigogo maana yake furahi, na ninyi wenyewe mtaona lilivyonifaa. Baba akachukua filamu mpya ya rangi aliyokuwa anaitunza, akaiingiza kwenye kamera mbio mbio, mikono haitulii, maana mama alikwishasimama mlangoni ameshika fremu na kusimama kulikuwa kazi. Mimi nilisimama ubavuni kwa baba. Kacha! Mara moja tu. Mama akauliza, "Nimetoka vizuri?" kisha akarudi kulala. Hazikupita siku nyingi tukamzika.

Msibani sikulia. Wanawake walinitazama, wakatazamana. Walinishika kichwa, wakanisukuma kidogo mbele ya jeneza nikaone, nikaona, nikarudi nyuma nikakaa. Nilikuwa darasa la tatu. Mguu ukiukalia vibaya unakufa ganzi, unaugusa unaona ni wako lakini hausemi kitu. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikula nilichopewa. Nilikwenda shule, nikapata alama zile zile. Nikasikia mtu akisema jikoni, "Mtoto huyu ana moyo wa jiwe," nikafikiri, pengine ni kweli, na sikuumia.

Jambo moja tu lilinisumbua. Uso wa mama ulikuwa unaniponyoka. Nikifumba macho nilianzia kwenye paji la uso, nikifika mdomoni paji limeshapotea. Nyumbani tulikuwa na picha yake moja ya kitambulisho, ya kabla sijazaliwa, msichana mwembamba aliyekaza macho ambaye mimi sikumjua kabisa. Mama yangu mimi, yule wa kitenge, alikuwa ndani ya kamera, na kamera ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Baba hakuigusa tena. Jirani wakija anawaambia mbovu. Nami nikimuuliza, "Baba, picha ya mama?" ananijibu kama anavyowajibu wateja: "Filamu haijaisha, mwanangu."

Kisha akatokea tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi. Alitaka kalenda ya duka lake iwe na picha za milima, vilele na mawingu, si wasichana wameshika sabuni kama kalenda za wenzake. Baba alitaka kukataa, nilimwona. Lakini nyumbani unga ulikuwa wa kuomba. Akaitoa kamera msumarini, akasema tutakwenda milima ya Kiboriani, upande wa Mpwapwa, alikoolewa dada yake. Nikajua filamu itaisha. Nilijua hilo kuliko nilivyojua jina langu.

Basi lilipita Buigiri, likaacha lami, tukafika kwa shangazi tumekuwa rangi ya udongo. Shangazi Tabitha alitupokea kwa salamu ya Kigogo, kwa sauti ya kuitisha kijiji, "Mbukwenyi!", akatulisha ugali wa uwele na mlenda, akanitazama nikila. Akamwambia baba, "Huyu mtoto humpandishi mlimani peke yako. Wewe hata chai unaunguza." Asubuhi akatangulia yeye, na khanga zake mbili na kikapu, anahema na kulalamika. "Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi tunamfuata huko huko kufanya nini?"

Njia ilianza kwenye miiba na mawe makavu, nchi ile ile ninayoijua, ya mbuzi na vumbi. Kisha, sijui ni wapi, ikabadilika. Miti ikawa mirefu, imevaa ukoga wa kijani kwenye mashina. Ardhi ikawa laini chini ya ndala zangu. Maji yalisikika mahali bila kuonekana. Na baridi, jamani! Baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nikatoa, nikaangalia, nikatoa tena. Shangazi alinifunga khanga moja kifuani akasema nisinyooshe kidole kuelekea kilele, kilele hakinyooshewi kidole, kinanyooshewa ngumi. Akamgeukia baba, "Na hiyo mashine yako, ni kidole au si kidole?"

"Ni jicho, dada."

"Afadhali."

Baba alipiga picha. Alipiga bonde tulilolipita, akapiga kilele cha kwanza kikitoka msituni, akapiga jabali lenye ufa katikati. Kila mara kacha, kisha kile kimkono cha kusogeza filamu, krrr, na mimi namuuliza, "Zimebaki ngapi?" Ananiambia. Tunapanda tena. Nilichoka lakini sikusema, nilihofia atatukalisha kivulini tupumzike na filamu isiishe. Vilele vilikuwa vinapangana kimoja nyuma ya kingine, vya mbele kijani, vya nyuma bluu, vya mwisho huwezi kujua ni mlima au wingu. Nilivitazama kama mtu anayetazama ukuta. Nilikuwa navihesabu kimoja kimoja: hiki picha moja, kile picha moja.

Tulipofika juu ukungu ukatufunika. Hata shangazi aliyekaa hatua chache nilimwona nusu. Tukala viazi. Ukungu ukapasuka kidogo upande wa mashariki, kilele kikachungulia, baba akaruka. Kacha, krrr. Kacha, krrr. Nikauliza zimebaki ngapi, akasema, "Hii ya mwisho." Nikasimama. Moyo wangu, ambao haukuwa umefanya kazi yoyote tangu msiba, ukaanza kupiga.

Akapiga ya mwisho. Akavuta kimkono akitegemea hakitatembea tena, maana filamu ikiisha kinagoma. Kikatembea. Akatazama kile kidirisha cha namba. Akabonyeza, akavuta. Kikatembea tena, laini, bila kugoma. Akabonyeza, akavuta, akabonyeza, akavuta, kamera ikielekea chini kwenye majani, hapigi chochote. Uso wake sikuuelewa. Shangazi akauliza, "Kuna nini?"  Baba alikaa juu ya jiwe, akaipakata kamera kama mtoto mchanga, akafungua mgongo wake mchana kweupe.

Hata shangazi, asiyejua kitu, alijua filamu haionyeshwi mwanga. Alipiga yowe, "Unaiunguza! Mama wa mtoto yumo humo! Umerukwa na akili?" Akamrukia mkono. Baba alikuwa amekwisha kuitoa, ameishika kiganjani, kiulimi chake kifupi, ile ncha ya mwanzo, kimening'inia nje. Akaitia mfukoni. 

Na wakati huo huo ukungu ukaondoka wote. Wallahi sijawahi kuona tena kitu kama kile. Vilele vya Kiboriani vilisimama pande zote, vimeoshwa, na chini yake Ugogo yote hadi mwisho wa macho, mito mikavu ya mchanga mweupe, mashamba kama viraka. Shangazi akasema taratibu, "Si unayo nyingine? Basi piga hiyo kalenda, mdogo wangu." Alikuwa nayo, mpya, kwenye kikopo chake. Hakuigusa. Tulikaa watatu tukitazama mpaka jua likaanza kuinama. Nilisubiri kulia. Niliona sasa hakika nitalia. Haikuja, ganzi tu.

Tulipokuwa tunashuka, shangazi ametangulia kwa hasira, baba alinishika mkono akaanza kuniuliza maswali. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno.

"Mama alivaa kitenge gani siku ile?"

"Cha majani ya manjano."

"Mkono alishika wapi?"

"Kwenye fremu. Wa kushoto. Wa kulia alishika fundo la kitenge."

"Kichwani?"

Nikamjibu kama ninavyomjibu mwalimu. Kichwani hana kitu, nywele amesuka mwenyewe upande mmoja, upande mwingine alichoka. Jua lilimpiga shavuni. Kulikuwa na kuku nyuma yake. Kila nikijibu, baba anaitikia "enhe," anauliza kingine, na njia nzima hadi kwenye miiba tuliendelea hivyo. Mwisho akauliza, "Alicheka?"

"Alicheka."

"Lini? Kabla sijabonyeza au baada?"

"Ulipobonyeza. Pale pale."

Akasimama njiani. Akasema, "Meno yalionekana?" Nikasema yalionekana, na lile la pembeni lililopanda. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea kushuka.

Tajiri aliambiwa filamu imeungua. Alinunua picha zake Dar, na mwaka mzima maduka ya Dodoma yalipambwa na milima ya Ulaya yenye theluji na ng'ombe wanene kama matangi. Kwa ukoo, ikabaki kuwa baba aliunguza picha ya marehemu mkewe kwa wazimu wa majonzi. Ilisemwa kwenye vikao, ilisemwa kwenye harusi. Yeye yupo, anasikia, anakunywa chai yake. Nami niliamini hivyo hivyo, sikumchukia wala sikumsamehe. Alifariki nikiwa sekondari, na sikulia vizuri huko nako.

Chuoni, nikisomea ualimu, tulifundishwa kutumia kamera, aina ile ile ya baba, kwa ajili ya zana za kufundishia. Mkufunzi akanipa filamu niiingize. Nikaiingiza vibaya, kiulimi hakikushika kwenye kijiti cha kukunjia. Nikapiga, nikavuta. Kimkono kikatembea laini. Namba zikapanda. Mkufunzi akasema, "Unapiga bure. Filamu haijanaswa. Hata ukipiga mpaka kesho, humo hamna picha." Akafungua mgongo wa kamera kunionyesha, na filamu yote ilikuwa imejikunja kwenye kikopo chake, nje kimebaki kile kiulimi kifupi.

 Baba hakuunguza kitu. Hakukuwa na cha kuunguza. Tangu siku ile ya mlangoni filamu haikuwahi kusogea, si kwa mama, si kwa kilele hata kimoja. Alimsimamisha mgonjwa juani kwa ajili ya kamera isiyoshika, akaligundua hilo juu ya mlima mbele yangu, na akaona afadhali ukoo umwite kichaa kuliko kulitamka.

Mkufunzi akaniambia jaribu tena. Nikaiingiza sawasawa, nikainua kamera, nikamlenga mwenzangu, nikabonyeza. Kitundu cha kuchungulia kikawa giza. Nikasema, "Imeharibika." Mkufunzi akacheka. "Zote za aina hii ndivyo zilivyo. Kioo cha ndani kinaruka. Sekunde ile picha inapopigwa, mpiga picha haoni kitu. Wanaoona ni waliosimama pembeni."

Kwa hiyo mama alipocheka, baba alikuwa gizani. Mimi peke yangu nilimwona.

Nikaweka kamera mezani na kulia. Nililia kwa sauti, kilio cha msibani, cha mikono kichwani. Wenzangu wakanizunguka, wakaniuliza nani amefariki. Nikasema, "Mama." Wakanipa pole, wakanikalisha, mmoja akatandika khanga chini, mwingine akatoka kwenda kuwaambia darasa zima wachange rambirambi. Sikuwazuia.