Niliachishwa Kazi Nikiwa Kliniki

Narudi kutoka kliniki, nakuta binti nisiyemjua amevaa koti langu la kazi.

Koti lenye jina langu kifuani. Kemirembe.

Nilikuwa nauza kwenye duka la dawa za mifugo hapa Nkwenda. Mimba ya miezi sita, na kisukari juu yake. Bosi wangu, mama Verdiana, alijua yote. Alinipa hata kona ya friji niweke insulini, jirani na chanjo za kuku.

Leo ananikabidhi hiyo insulini kwenye mfuko bila kuniangalia usoni.

"Kapumzike, mwanangu. Hapa nimeshapata mtu."

Nikamuuliza kosa langu. Akaingia stoo.

Nyumbani nililia mpaka sukari ikapanda. Mume wangu, Novatus, akanishika kidole, akanipima mwenyewe, akanipikia ndizi. Nikamlaani yule mama, naye akaitikia kwamba matajiri hawana utu. Ila nilipotaja kwenda kulalamika, akasema nimwachie Mungu.

Sikukubali. Vijiti vya kupimia sukari nanunua kwa mshahara wangu, na kahawa yetu haivunwi kila mwezi. Tena muuguzi wa kliniki aliniambia sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya ujauzito.

Nikafikisha malalamiko tume ya usuluhishi, Bukoba.

Siku ya kuitwa, Novatus alinisindikiza. Kwa tumbo lile, angekataaje?

Msuluhishi akamuuliza bosi kwa nini aliniondoa. Mama Verdiana akamtazama mume wangu.

"Utasema wewe au niseme mimi?"

Novatus akainama.

Basi akasema mama Verdiana. Mume wangu alimfuata dukani, akadai daktari amenikataza kazi ila mimi mbishi. Akamwomba aniondoe, na asimtaje.

Daktari hakuwahi kusema hivyo. Alisema nile kwa wakati, nisisimame muda mrefu, nisikose kliniki. Basi.

"Dada yangu alikufa akijifungua, na sukari hiyo hiyo," Novatus akasema. "Niliogopa."

Hofu yake ningeielewa. Lakini alikaa pembeni yangu, akanifuta machozi, akamlaani pamoja nami mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma.

Msuluhishi alimwambia bosi naye amekosea. Mwajiriwa ni mimi, alitakiwa aniulize mimi. Tukaandikiana: nirudi kazini, niwekewe kiti, nipewe ruhusa za kliniki na likizo ya uzazi.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Nipo dukani mpaka leo.

Novatus aliomba msamaha mbele ya mchungaji. Nimemsamehe kwa mdomo. Moyo bado.

Dada unayesoma hapa, una mimba na unaumwa: ongea na bosi wako wewe mwenyewe, na mnachokubaliana mkiandike. Ukionewa, nenda mapema, muda wa kulalamika ni mfupi.

Na wewe mume, ukiogopa, mwambie mkeo. Usimwambie bosi wake.