Amina ya Shangazi Folole

Kijijini kwetu, kisiwani Savaii, ukimwomba shangazi Folole abariki chakula, uwe tayari kukipasha moto tena. Utani huo niliukuta nilipoolewa. Ni shangazi wa mume wangu, mjane, msusi wa mikeka, vidole vyake vimepinda kwa kusuka majani ya mkadi. Alifundisha watoto wa kanisa miaka thelathini. Sala yake ya jioni ilianzia kwenye uumbaji, ikapita kwa manabii, ikavuka bahari kwa ndugu walioko Auckland, kila mmoja kwa jina lake, ndipo irudi nyumbani.

Mimi nilikuwa mke aliyetoka kijiji kingine. Mke wa namna hiyo hukaa karibu na mlango, na wakati wa sala hasemi.

Jioni ile baragumu la kombe la bahari lilipopulizwa kuita sala, tuliingia ndani kama kawaida. Lilipolia mara ya pili, barabara ilikuwa tupu. Wanaume wa kijiji walijipanga na fimbo zao, maana hakuna anayeruhusiwa kupita mpaka lilie la tatu, familia zote zikishamaliza kusali. Mwanangu Lagi, wa miezi saba, alikuwa na kikohozi tangu juzi. Baba yake yuko ng'ambo anachuma matufaa. Shangazi alikuwa amemsugua mafuta ya nazi kifuani, akasema asubuhi tutampeleka kwa nesi.

Tuliimba. Shangazi akafumba macho, akaanza.

Alikuwa amefika kwa Nuhu nilipohisi mbavu za Lagi zikizama ndani kila anapovuta pumzi. Nikamwegemeza begani. Pumzi ikaanza kukwaruza. Nilitazama nyuso, zote zimeinama. Shangazi akafika kwa Daudi. Nikajiambia avuke bahari tu, atafika kwetu, atamtaja. Akaanza Auckland. Midomo ya Lagi ilikuwa inageuka rangi.

Nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Shangazi, mtoto hapati hewa."

Binamu mmoja alinikata jicho. Shangazi alifumbua macho, akamtazama Lagi, akasema, "Bwana, ni huyu. Hapati hewa. Tunaondoka naye, twende wote." Akasimama. Hakusema amina.

Alinipokonya mtoto, akashika barabara, mimi nikimfuata pekupeku. Kwa nesi ni mwisho wa kijiji, na njiani alisimama Tuiloma, chifu kijana ambaye shangazi ndiye aliyemfundisha kusoma Zaburi. Akanyoosha fimbo.

"Shangazi, watu wanasali."

"Na mimi nasali, baba. Umenisikia nikisema amina?"

Tuiloma alimwangalia mtoto, kisha akageuka akatangulia mbele yetu, akiwaashiria wenzake kwa fimbo wasogee. Tulipita nyumba baada ya nyumba, nyimbo zikitoka kila upande, na shangazi akirudia maneno yale yale bila kupumzika: ni huyu, hapati hewa, ni huyu. Nilishika kisigino cha Lagi kilichokuwa kinaning'inia kwenye mkono wake, nikaona kuwa hiyo nayo ni sala.

Nesi aliacha kitabu cha nyimbo wazi mkekani. Akamwekea Lagi kibarakoa cha dawa ya mvuke na hewa ya mtungi. Tulisimama ukutani. Baragumu la tatu likalia, nje watu wakaanza kucheka na kuitana, na mbavu bado zinazama. Shangazi hakuondoa macho. Sijui ni muda gani. Kisha mbavu zikazama kidogo tu, kisha kidogo zaidi, na Lagi akalia kilio cha hasira, kizima, cha mtoto mwenye njaa.

"Amina," alisema shangazi, akakaa chini sakafuni.

Wakati wa kurudi, Tuiloma alimtania kuwa hiyo ndiyo sala yake ndefu kuliko zote. Shangazi hakucheka. Aliniambia, polepole, "Nilikuwa namsimulia Mungu mambo anayoyajua, mwanangu, na hili lililokuwa begani kwako nikaliacha la mwisho."

Siku hizi, kabla ya kufumba macho, huwa ananitazama kule mlangoni na kuuliza, "Wewe leo una nini?" Nami hujibu. Bado Auckland tunafika, ila tunaanza na Lagi.